Mstari wa Mwaka wa Hamsini na Mbili

Rütenau ni kijiji cha mitaa miwili tu, na ukitaka kujua mtu ni wa mtaa gani huna haja ya kumuuliza, tazama viatu vyake. Wa Mtaa wa Juu, penye kanisa, shule na mizabibu, wana vumbi. Wa Mtaa wa Chini, kati ya kinu na tuta la mto, wana matope mwaka mzima, na hayo matope wanaringa nayo kweli. Udongo wa kule chini ni mweusi na mnene, nyasi hukatwa mara nne kabla theluji haijaanguka. Mto ndio uliouleta, na kila baada ya miaka fulani mto huja kuudai.

Mito mingine ya nchi ile hupitia ziwani kwanza, ikapumzika humo, ikatoka na adabu zake. Huu hauna ziwa. Unashuka moja kwa moja kutoka milimani, na mvua iliyonyesha huko asubuhi, jioni iko Rütenau. Lina Oettli, mwalimu wa shule ya kijiji, alikuwa amewafundisha watoto jambo hilo kwa miaka kumi na minane, kwa chaki na kwa ramani aliyoichora mwenyewe. Alikuwa na daftari nene la historia ya kijiji, kila gharika na mwaka wake, kila nyumba iliyokwenda na maji na majina ya waliokuwamo. Wanaume walilisifu daftari hilo kwenye sherehe, kisha wakaendelea kunywa.

Kipimo cha kijiji kilikuwa jiwe. Liko kwenye nguzo ya daraja, upande wa kinu, limechongwa mstari na tarehe ya mwaka wa 1852, mwaka ambao maji yalifika hapo na saa moja baadaye tuta likakatika. Sheria ya kijiji ilikuwa fupi: maji yakigusa mstari, kengele ya kanisa inalia, na Mtaa wa Chini wote unahamia juu, watu na ng'ombe. Yasipogusa, kengele hailii. Sheria hiyo waliipitisha kwa kunyoosha mikono, baada ya mwenyekiti mmoja mwoga kupiga kengele mapema. Watu walihama na ng'ombe zao mvuani, tone moja lisivuke tuta. Majirani wa Wellnau waliwacheka miaka saba. Sokoni waliulizwa kama ng'ombe wa Rütenau wanaogopa hata kunywa maji.

Alhamisi ile ya Juni mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Asubuhi Lina alipita darajani akielekea kwa kaka yake Emil, ambaye mkewe Babette alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Wanaume kadhaa walikuwa wameegemea chuma cha daraja wakitazama jiwe, mabomba ya tumbaku mdomoni. Mstari ulikuwa juu ya maji, shubiri mbili na nusu. Walimsalimu Mwalimu vizuri, wakamwambia aondoe wasiwasi, hamsini na mbili bado iko mbali.

Lina naye alitazama jiwe. Kisha, bila sababu yoyote, akatazama kinu kilicho ng'ambo, akaona maji ya kahawia yamelala juu ya kizingiti cha mlango.

Alisimama hapo mpaka mwavuli ukaanza kuvuja. Katika daftari lake alikuwa ameyanakili mwenyewe maneno ya mchungaji wa zamani, aliyeandika siku moja baada ya gharika ya 1852: maji yalipanda mpaka kizingiti cha kinu, wala hayakuzidi, tuta likakatika. Kinu hakijawahi kuhamishwa. Kama maji yako kwenye kizingiti, yako pale pale yalipokuwa mwaka ule, na jiwe linasema uongo.

Hapo ndipo kumbukumbu ilipomjia, na ilimjia yote pamoja. Alikuwa na miaka kumi. Daraja la mbao lilikuwa limebomolewa ili wajenge la chuma, na msimamizi wa ujenzi alikuwa baba yake. Yeye Lina alishika uzi wa timazi, Emil, mwenye miaka kumi na minne, alikoroga chokaa. Fundi aliuliza jiwe la gharika likae wapi. Baba alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akasema lipandishwe kidogo, lionekane na watu wanaopita juu. Likapandishwa safu moja ya mawe makubwa ya nguzo. Hakuna aliyewaza lolote. Miaka kumi na minane alikuwa amewafundisha watoto wa watu, na miaka kumi kabla ya hapo amejifundisha mwenyewe, kuutazama mstari ambao aliuona kwa macho yake ukipandishwa. Alijichukia, na hakuwa na muda wa kujichukia.

Nyumba ya Emil ni ya mwisho, chini kabisa ya tuta. Alimkuta zizini akikamua. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, maana Babette alikuwa amelala ghorofani na mkunga alikuwa amemkataza kushuka ngazi kabla ya siku ya kumi na mbili. Emil hakuacha kukamua.

"Unakumbuka au hukumbuki?" Lina aliuliza.

"Nakumbuka baba alikuwa fundi kuliko wote waliopo leo."

"Sikuulizi hilo, kaka. Nakuuliza jiwe."

Emil alihamishia ndoo kwa ng'ombe wa pili. Mwishowe alisema maji yatashuka mchana, kwamba ameona mawingu yanapasuka upande wa magharibi, na kwamba dada yake tangu utotoni ana kichwa kilichojaa vitabu. Alisema hivyo bila kumtazama usoni, ndipo Lina akajua kwamba anakumbuka vizuri sana.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Ulrich Debrunner. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na siku ile hilo lilikuwa baya zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba kengele si yake, ni ya kijiji. Sheria inasema mstari. Kubadilisha sheria ni kazi ya mkutano, na katika mkutano hoja huletwa na mwanamume. Lakini kwa kuwa wanaume wengi tayari wako darajani, aliongeza, na akaona kabisa kwamba anamfanyia hisani, mkutano unaweza kufanyika palepale.

Basi wakaukutanisha mkutano juu ya daraja, saa tano asubuhi, chini ya miavuli, mto ukipita chini yao na magogo. Wanaume arobaini na watano. Katibu aliandika majina ya waliohudhuria, akisubiri kila mmoja aitike. Nani atawaambia watu wa namna hiyo waharakishe? Kila mwaka wamepiga kura kuhusu fahali wa kijiji, kuhusu njia, kuhusu rangi ya mlango wa banda la zimamoto, na mara zote wamekwenda nyumbani salama. Walikuwa wanaamini kwamba jambo likishapigiwa kura limekwisha.

Hoja ililetwa na Hanhart, mtunza kanisa, mzee mwenye kigugumizi, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekubali. Lina alisimama nje ya duara, kando ya chuma, mahali pa wanawake. Alimsikia Hanhart akihangaika na maneno yake, akatamani kuyachukua mdomoni mwake. Wengine walianza kukohoa. Mtu mmoja wa Mtaa wa Juu aliuliza kwa upole kama Mwalimu anataka nyasi za watu, zilizokwisha kukatwa, zioze wakati yeye analala pakavu. Mwingine akasema Wellnau watafurahi mwaka huu, walikuwa wamekosa cha kucheka. Wakacheka wao.

Debrunner akainua mkono kuwanyamazisha, akageuka. "Emil, wewe ulikuwepo siku ile. Tuambie. Baba yako alilipandisha jiwe?"

Maji yalikuwa yanapiga nguzo, na daraja lilitetemeka kidogo chini ya viatu vyao. Emil alivua kofia. Wote pale walimjua baba yake, wengi walibeba jeneza lake, na jina lake limechongwa kwenye nguzo hiyo hiyo, chini ya jiwe.

"Baba aliliweka mahali pake," Emil alisema.

Wakapiga kura. Wanaotaka kengele ilie sasa: mikono kumi na mitatu. Wasiotaka: thelathini na mmoja, mmojawapo wa Emil, ambao uliinuka taratibu kuliko yote lakini uliinuka. Mwenyekiti hakupiga. Katibu aliandika, akapuliza wino ukauke.

Lina alikuwa ameshaondoka. Kura ilikuwa ya kengele, hakuna aliyepiga kura kuwazuia wanawake wasiende kutembea. Alibisha mlango wa kwanza wa Mtaa wa Chini, akawaambia watoto kwa sauti ile ile ya darasani wavae viatu, wachukue wadogo zao, waende shuleni sasa hivi. Watoto walitii kabla mama zao hawajauliza. Mama wakafuata watoto, baadhi wakinung'unika, baadhi wakishika mikate na koti la mume. Nyumba kwa nyumba. Mmoja alimwambia kwamba mumewe atamtukana, Lina akamjibu atukanwe akiwa mlimani.

Kwa Emil alifika na Hanhart na wasichana wawili wa kinu, wamebeba ngazi iliyotandikwa godoro. Emil alikuwa amekwisha rudi. Amekaa kizingitini, mikono magotini.

"Mchukueni," alisema. "Msimwamshe sana, amechoka."

Babette alishushwa akiwa nusu usingizini, mtoto kifuani, akiuliza kuna nini, na Hanhart alimwambia kwamba ni maji kidogo tu. Walipovuka ua, Lina alirudi mlangoni.

"Twende, kaka."

"Siwezi."

"Hakuna anayekutazama."

"Wote wananitazama, Lina. Wako darajani, wanaona mlango huu. Nikitoka sasa, nimewaambia baba alikosea na mimi nimedanganya. Watu thelathini wamenyoosha mikono kwa neno langu." Alitazama viatu vyake. "Nitakaa mpaka maji yapungue. Yatapungua. Wewe nenda na mke wangu."

Alimvuta mkono. Emil alikuwa mtu mzito, na alijifanya mzito zaidi. Alimwambia mambo ambayo dada hamwambii kaka yake, na hayakusaidia. Huko mbele wasichana walikuwa wanamwita, ngazi imeanza kuyumba, Babette ameanza kulia. Lina akamwachia. Mpaka leo hajui kama alimwachia mapema mno.

Tuta lilikatika saa saba na nusu mchana, nyuma kabisa ya nyumba ya Emil. Hakukuwa na mlio mkubwa. Tuta lililegea tu, likalala, kisha maji yakaingia yote kwa pamoja. Wanaume waliokuwa darajani walikimbilia upande wa juu, na waliokuwa mashambani waliona na kukimbia, kwa sababu ilikuwa mchana na kwa sababu hawakuwa na watoto wa kuwatafuta. Kutoka uwanja wa shule Lina aliona nyumba ya mwisho ikiinama polepole kuelekea kinu. Paa lilikaa juu ya maji kwa muda. Kisha halikukaa tena. Hakuona mtu. Pale nguzoni mstari ulikuwa bado mkavu, na watu wote waliona kwamba ni mkavu.

Kengele ikaanza kulia. Hanhart alikuwa amekwenda kuipiga bila ruhusa ya mtu.

Wakajaa shuleni, wanawake, watoto na mbuzi wawili. Wanaume waliingia mmoja mmoja, wamelowa, wakisimama kando ya ukuta chini ya ramani bila kukaa, kama wanafunzi waliochelewa. Debrunner alivua kofia akamuuliza Lina maji yatapanda mpaka wapi. Ilikuwa mara ya kwanza mwenyekiti kumuuliza jambo la mto. Lina alimjibu kwamba hajui.

Babette alikuwa amelazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa karibu na jiko. Hakuwa tena na usingizi. Alikwisha kuuliza mara mbili Emil yuko wapi, na mara zote mbili wanawake waligeukia jiko, akaelewa. Alimfunika mtoto kichwa, akamwita Lina kwa kidole.

"Wifi, wanasema kulikuwa na mkutano. Kwamba mlitaka kengele ipigwe mapema, wanaume wakakataa."

"Ndiyo."

"Emil alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisemaje?"

Wanaume wa ukutani wote walisikia swali hilo. Katibu alikuwa na kitabu cha mkutano ndani ya koti, kila jina limo, kila mkono umehesabiwa. Lina alipiga magoti kando ya dawati, akamshika Babette mkono uliokuwa baridi.

"Alisema ukweli," alimwambia. "Alisema jiwe lilipandishwa. Akanyoosha mkono wa kwanza kabla ya watu wote."

Babette akafumba macho. Lina aliinua uso, akawatazama wanaume mmoja baada ya mwingine, akianzia kwa Debrunner na kumalizia kwa katibu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.