Ukakasi wa Ndiga

Mwaka ule wa njaa, wakati wa vita vya Wazungu, watu wa Likoni walichimba ndiga msituni. Ndiga ni kiazi mwitu chenye sumu. Hukatwa vipande, kikalowekwa katika maji yaendayo hadi ukakasi uishe, ndipo kipikwe. Uchungu hupiga kelele kinywani, ukakasi hunyamaza. Hukaza ulimi na kukausha ufizi polepole kama ndizi mbichi, na kwa ndiga hiyo ndiyo ilani ya mwisho.

Ada ilikuwa moja: mkubwa wa nyumba ndiye aonjaye. Nyumbani kwa Mwanasaumu, mkubwa alikuwa mavyaa wake, mamake mumewe, Mwanakheri.

Adhuhuri moja Mwanakheri alionja vipande viwili, akameza, akasema havina neno, watoto waandaliwe. Mwanasaumu akapakua. Alipoinua macho akaiona midomo ya mavyaa: myekundu. Tambuu. Tangu asubuhi kizee alikuwa akitafuna popoo, ile kokwa ya tambuu, kuihadaa njaa, na popoo lina ukakasi wake. Kinywa kilichokwisha kukazwa kitajuaje kikikazwa tena?

Kumkosoa mavyaa mbele ya wajukuu ni kumvua nguo, na Mwidani mumewe yuko bandarini, hana wa kumsemea. Na mkono wa Dhahabu, kitinda mimba, ulikwisha fika sahanini.

Mwanasaumu akamnyang'anya kipande alichokiokota, akakitia kinywani mwake. Hakikuwa kichungu. Akangoja. Kisha ulimi ukaanza kujikunja, mashavu yakavutwa ndani. Akatema.

"Mikono chini," akawaambia watoto.

"Waniumbua, Mwanasaumu?" Mwanakheri akauliza taratibu. "Ulimi huu ulionja ndiga kabla mamako hajazaliwa."

"Niwie radhi, mavyaa. Sukutua, uonje tena."

Kizee akaguna. Lakini alisukutua, maji yakatoka mekundu, akaweka kipande ulimini. Akakaa nacho, macho ameyafumba. Kisha akakitoa kwa kidole, akakiweka ukingoni mwa sahani, asimtazame Mwanasaumu, mkaza mwanawe.

"Vile viwili nilivimeza," akasema.

Mwanasaumu alikuwa keshaanza kukoroga chumvi katika maji, amtapishe. Alipompa kata ya maji hayo alimshika na mkono kumsaidia, maji yakamwagika. Mavyaa hakuusukuma mkono huo; akanywa yaliyobaki.