Jicho Shingoni mwa Mbuzi

"Nimekuuliza swali, mama. Jicho la jikoni limefikaje shingoni mwa mbuzi?"

"Na mimi nimekujibu. Muulize mbuzi."

"Sina muda wa mizaha. Nimeacha redio ya mtu imefumuliwa mezani, nimepanda bodaboda kutoka mjini na jua lote hili. Nijibu kama mtu mzima."

"Kwani mtu mzima ni nani hapa?" Veneranda alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo wa karanga mapajani. Vidole vyake havikuacha kubangua. "Nimekuzaa mimi, Mektilda. Usinikaripie mbele ya mnyama."

Mektilda hakucheka. Alichuchumaa, akamshika mbuzi pembe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akafungua kamba. Kikopo cha plastiki kikamwangukia kiganjani, kimejaa mate na vumbi. Waya wa antena ulikuwa umetafunwa ukabaki kishina tu. Ndiyo sababu tangu asubuhi simu yake ilikuwa ikiandika neno lilelile: *Jikoni kimya. Jikoni kimya.* Na mama alikuwa amezima simu yake.

Kikopo kile alikitengeneza mwenyewe, kwenye kona ya kutengenezea redio anayoikodi ndani ya duka la vifaa la Moiz, karibu na soko. Ndani yake mlikuwa na betri iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, kipande cha redio kidogo kama ukucha, na kwa mbele jicho jeupe mfano wa nusu gololi, linalotambua kiumbe chochote chenye joto kinachosogea. Alitengeneza vitatu. Kimoja kwenye mlango wa uani, kimoja juu ya jiko la mkaa, na hiki cha ukutani jikoni, cha kumwangalia mama akitembea. Vyote vilipeleka habari kwa redio hadi kwenye kipokezi kilichotundikwa sebuleni, na kipokezi, kwa laini ya simu iliyokuwa ndani yake, kikamwandikia Mektilda mjini.

Alifanya hivyo kwa sababu ya kaka yake. Mama aliposahau sufuria motoni hadi moshi ukajaa nyumba, Dionis alipiga simu kutoka Dar es Salaam akasema basi, imetosha, mama ahamie kwake. Mama alilia siku nzima. Mektilda akamwambia kaka yake asubiri. Atafunga vitu ambavyo vitamfanya amwone mama saa zote. Nyumba yenyewe itasema.

Na nyumba ilisema. Ilisema akiwa anakaanga vitumbua vya watoto, ilisema akiwa kanisani, ilisema ameshika chuma cha kuchomelea na tone la risasi iliyoyeyuka linamchuruzikia kwenye waya usiohusika. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi haukuutoa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mahindi mabichi."

"Mahindi mabichi! Mama, sasa hivi watu wanapukuchua!"

"Ndiyo nakuambia." Veneranda aliweka ungo chini. "Nikisali rozari, simu. Nikibangua karanga, simu. 'Mama, mbona husogei?' Nisogee niende wapi? Nimesogea tangu usichana wangu, nimelima, nimebeba maji, nimewabeba ninyi. Sasa nimekaa, unaniambia nisogee. Nikawa nanyanyuka kulipungia lile jicho lako mkono kama naaga mtu kwenye treni. Nikachoka. Mbuzi hachoki."

Majuma yote hayo Mektilda alikuwa akimwambia Dionis kwamba mama amepata nguvu, mama anatembea kuliko hata yeye. Na Dionis alifurahi.

Mama alinyanyuka kwenda kuchota maji mtungini. Alinyanyuka kwa vipande: kwanza mkono ukutani, kisha goti, kisha akangoja. Mguu wa kushoto aliuburuta.

"Umeumia."

"Nimekaa vibaya."

"Geuka."

"Mektilda, niache."

Hakumwacha. Aliinua pindo la kanga. Pajani, kuanzia nyonga kushuka, palikuwa na wekundu mweusi uliokwisha kuanza kuwa kijani pembezoni.

"Ulianguka lini?"

Mbuzi alilia uani. Mama alikunywa maji yote ya kikombe kabla ya kujibu.

"Jumanne. Nyuma ya jiko. Nililala pale mpaka jua likanihamia usoni."

Jumanne. Mektilda aliikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa siku ya raha. Simu haikumsumbua hata kidogo. Kila alipoitazama iliandika kwamba jikoni kuna mtu, kuna mtu, na yeye akatengeneza redio zake kwa amani, akala chakula chake kingali cha moto.

"Nani alikunyanyua?"

"Nyamizi. Alinisikia."

"Akapita wapi?"

"Wewe ungepita wapi? Alizunguka kwa barabarani. Na miguu yake ile."

Hapo Mektilda alikaa kwenye kigoda cha mama yake. Nyamizi alikuwa jirani wa nyuma, ng'ambo ya ua wa minyaa. Alipika wanzuki, na wanaume waliokuja kunywa pombe ile ya asali walicheka kwa sauti kubwa tangu mchana. Zamani ua ule ulikuwa na pengo, na mama na Nyamizi walipitishiana humo chumvi, moto na maneno. Mektilda ndiye aliyeliziba kwa senyenge. Alisema jicho la mlango wa uani haliwezi kulinda nyumba yenye njia mbili. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakuisema, ni kwamba hakutaka wanywaji wapite uani kwa mama yake. Tangu siku ile alikuwa akipita mbele ya Nyamizi juu ya bodaboda bila shikamoo, ametazama mbele kama dereva ni yeye.

Simu ikaita. Dionis.

"Mwambie ni betri," mama alinong'ona haraka. "Mektilda, mwanangu, mwambie ni betri tu."

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na angerudi mjini kwenye redio yake.

"Kaka."

"Vipi, mama mzima? Ulisema kimya tangu asubuhi."

"Alianguka Jumanne. Ameumia paja. Hajavunjika, anatembea."

"Jumanne? Si ulinambia Jumanne kachangamka? Na vile vidude vyako?"

"Vilikuwa vinamwangalia mbuzi."

"Vinamwangalia nani?"

"Mbuzi, kaka. Mama alimvisha mbuzi."

"Basi. Basi, Mektilda. Jumamosi nakuja, namchukua."

"Siendi!" Veneranda alipaza sauti kuelekea kwenye simu. "Siendi kufungiwa ghorofani, mwambie!"

"Umemsikia," Mektilda alisema. "Wewe njoo, umwone, mzungumze. Lakini hapakiwi kama gunia."

"Na akianguka tena nani atamwona? Wewe uko mjini!"

"Mimi sitamwona. Nilikuwa najidanganya kwamba namwona." Aliona mama yake anamtazama. "Acha sasa, nina kazi."

Alikata simu, akaimwaga mezani mifuko yote ya mkoba wake wa kazi. Akachomeka chuma cha kuchomelea ukutani. Kilipopata joto alilitoa lile jicho jeupe kwenye kikopo, akalitupa kwenye ungo wa maganda ya karanga. Mahali pake akaunganisha kitufe cha kengele ya mlango. Moshi wa risasi ulimpanda machoni na hakuyafuta. Akaweka waya mpya wa antena, akaukunja ndani, mbali na meno ya kiumbe chochote. Mwisho akapitisha kamba safi.

"Inama."

Mama alirudi nyuma. "Sasa mimi ndiye mbuzi?"

"Mbuzi analazimishwa kusema saa zote. Hiki kinasema ukikibonyeza. Usipokibonyeza, hakuna atakayekupigia. Sali, lala, kaa."

Veneranda alikigeuza kikopo kifuani, kando ya rozari yake. "Na nikibonyeza, utatoka mjini?"

"Hapana. Mpaka nipate pikipiki, utakuwa umelala chini sana."

"Basi nani?"

Mektilda alikwenda sebuleni, akakishusha kipokezi ukutani, akachomoa ile laini ya simu na kuitia mfukoni. Mahali pake akafunga king'ora cha pikipiki alichokuwa nacho mkobani na betri ya kukiendesha. Akachukua nyundo, misumari na koleo. Kwenye ua wa minyaa akaishika senyenge na kuanza kuikata, uzi kwa uzi. Utomvu mweupe ulimdondokea kwenye viatu. Alipopata upana wa mtu, akapita.

Wanywaji wawili watatu kwenye mabenchi walimgeukia. Nyamizi alikuwa akichuja pombe, mikono yake imelowa hadi viwiko.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, Mama Lukumani."

Nyamizi aliendelea kuchuja. Alikung'uta kichujio, akakitundika, akatafuta mahali pa kuweka bakuli.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Leo koo limepona?"

"Limepona."

"Ashukuriwe Mungu. Maana nilisema mtoto wa Veneranda kapatwa na ugonjwa, salamu haitoki."

Wanywaji walicheka. Mektilda aliwaacha wacheke.

"Nashukuru kwa Jumanne. Nimejua leo." Alinyoosha kipokezi. "Hiki nataka kukitundika kwako. Mama akibonyeza, kinalia hapa."

"Unataka, au unaomba? Mimi mtu wa pombe, usije ukasahau."

"Naomba."

"Na kikilia nina wateja?"

"Uende."

"Na kama anataka chumvi tu?"

"Uende hivyo hivyo."

Nyamizi alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu vyenye utomvu hadi macho mekundu. "Pigilia pale," alisema. "Siyo hapo, hapo mvua inaingia. Pale, karibu na kitanda changu."

Mektilda alipigilia. Ukuta wa udongo ulimeza msumari wa kwanza. Wa pili ukashika. Kisha akasimama mlangoni, akaita juu ya ua: "Mama! Bonyeza!"

Kimya.

"Bonyeza kwa nguvu, mama!"

King'ora kililia kama pikipiki inayoibwa. Mnywaji mmoja alimwaga kikombe chake. Nyamizi aliifuta mikono kwenye kanga, mmoja, kisha wa pili, akaanza kwenda kwenye pengo.

"Ni majaribio tu, Mama Lukumani. Hajaanguka."

"Umesema kikilia niende," Nyamizi alijibu bila kugeuka. Hakukimbia. Alikwenda kwa mwendo wake mzito wa miguu iliyovimba, akaitenga minyaa kwa kiwiko, akapotelea upande wa pili.

Mektilda alibaki na nyundo mkononi katika uwanja wa watu. Ng'ambo alisikia kigoda kinaburutwa, kisha sauti mbili, moja ikidakia nyingine. Maneno yenyewe hayakumfikia. Simu mfukoni ilikuwa imetulia.

Mzee aliyemwaga pombe yake alimnyooshea kikombe. "Mama, mwenye pombe kaondoka. Niongezee, basi."

Alimtazama mzee, akatazama pengo. Akaweka nyundo chini, akachukua kata, akainamia pipa, akaanza kummiminia taratibu, povu lisipite ukingo.