Alisema Nitengeneze

Zilpa alilijua fundo lile kabla hajaligusa.

Mabati yalikuwa yameletwa kanisani Itiryo kwa bodaboda kutoka Nyamongo, kama yale ya mwanzo, bila jina la mtoaji. Wanaume walikuwa wanatafuta panga wakate ile kamba ya mpira wa tairi. Zilpa akawaambia waache. Akapiga magoti, akavuta ncha ya chini, siyo ya juu kama mtu yeyote mwenye akili zake angefanya, na ule mpira wa tairi ukaachia wote kwa mara moja. Duniani ni mtu mmoja tu aliyefunga mzigo namna ile, na alikuwa mume wake.

Odoyo alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Kwa miaka mingi Zilpa alifungua na kufunga naye magunia ya kupeleka Sirari, akimlaumu kwa mafundo yake ya ajabu. Kisha dhahabu ikawashika watu. Wenye ng'ombe waliacha ng'ombe, wenye maduka walifunga maduka, na Odoyo naye akabeba blanketi akaenda Nyamongo.

Huko, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hakumruhusu mtu kushuka bila kuchanjwa chale na mganga. Wenzake wakachanjwa. Odoyo akachanjwa. Angeweza kunyamaza, kwani shati lina vifungo na nani angemfungua? Lakini alikuwa mtu wa kusema kweli hadi inamponza. Alikuja nyumbani akamwambia mkewe, na Jumapili akamwambia mwinjilisti.

Mwinjilisti huyo, mzee Waitara, hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake alijua mno. Alijua nani yumo mbinguni na nani hayumo, kama mfugaji anavyojua zizi lake. Alifundisha kwamba wokovu hupotea, tena si kwa makubwa tu: uongo mmoja, hata mdogo, hata wa kumfariji mgonjwa, unatosha kukutoa, na ukifa hujatengeneza umekwisha. Zilpa, aliyeokoka tangu akiwa msichana, aliyashika hayo sawasawa. Hakuweza hata kuisifia chai ya jirani kama haikuwa na sukari ya kutosha.

"Ndugu yetu Odoyo amerudi nyuma," mzee Waitara alitangaza siku ile. "Kuanzia leo ametengwa. Akatengeneze kwanza, matunda tuyaone." Kisha akamwambia Zilpa, kiongozi wa kwaya, aanzishe wimbo.

Zilpa akaanzisha. Mume wake akatoka nje akisindikizwa na sauti yake, na tangu hapo, kwa miaka, hakuonekana tena Itiryo.

Watu walisema amepata mwanamke. Zilpa hakuamini, ila kuna siku alitamani iwe kweli, maana mwanamke unaweza kumfuata ukamtukana moyo ukatulia. Tusifichane, alimtamani mumewe. Alitamani kikohozi chake cha asubuhi, na ile harufu ya dagaa kwenye mashati aliyokuwa akiyafua huku akilalamika. Binti yao Adhiambo alikuwa ameolewa upande wa Kenya, nyumba ilikuwa tupu, lakini kila akisonga ugali mkono wake ulipima unga wa watu wawili. Na kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko hayo. Kama mzee Waitara alikuwa sahihi, basi hata huko mbinguni hatamwona. Aliiwaza mbingu isiyo na Odoyo huku akiongoza kwaya, akaona haitamani, akaona aibu, akaendelea kuimba.

Sasa alikuwa ameshika mpira wa tairi mkononi. Akatoka nje akapanda ile bodaboda kabla haijageuza.

"Nipeleke kwa aliyekupa mzigo," akasema.

Walimkuta kwenye karasha, mashine inayosaga mawe, amejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Amekonda. Alipomwona mkewe aliangusha sepetu kama mtu aliyekamatwa akiiba.

"Mama Adhiambo!"

"Kumbe ni wewe unayeezeka kanisa."

"Usiwaambie bado." Akamvuta pembeni, mbali na kelele. "Nimebakiza upande wa madhabahu tu, na bati zake zile pale, nilikuwa nazituma kesho. Nikimaliza huo ndiyo nirudi."

"Nani alikwambia unarudi ukimaliza bati?"

"Si mzee Waitara? Na wewe ulikuwepo. Alisema nitengeneze, matunda wayaone. Nikatazama juu nikaona lile paa lilivyoliwa na kutu, nikajua ananiambia nini."

Zilpa alitaka kucheka, machozi yakawahi. Kutengeneza! Kanisani kila mtu alijua maana yake. Unasimama mbele, unaungama, unaombewa, unarudi kukaa mahali pako. Ni shughuli ya asubuhi moja. Lakini Odoyo aliokoka ukubwani, na Kiswahili chake alikiokota sokoni Sirari, ambako kinachotengenezwa ni baiskeli na paa.

"Alitaka useme tu, Baba Adhiambo. Usimame useme nimekosa. Basi."

Odoyo akajipangusa vumbi machoni. "Miaka yote hii?"

"Yote."

Akakaa juu ya gunia la mawe. Zilpa akafikiri sasa atanyanyuka waondoke, lakini mumewe alifungua vifungo vya shati akamwonyesha kifua. Chale zilikuwa pale pale, nyeusi, fupi fupi.

"Kusema ni mdomo tu," Odoyo akasema. "Hizi je? Siku moja udongo uliporomoka tukiwa chini, wenzangu wakapiga kelele wakimwita Mungu, mimi nikaona aibu. Kitu umekitupa mwenyewe, unaanzaje kukiulizia? Kwa hiyo acha niezeke. Labda Mungu akitazama chini ataona bati langu anikumbuke."

Zilpa alikuwa na mistari ya kumjibu, ameikariri tangu utoto. Kilichomjia ni hasira.

"Mungu hanyeshewi," akasema. "Ninayenyeshewa ni mimi. Nyumba yako inavuja. Nalala upande wako wa kitanda kwa sababu wangu umelowa. Sijui kama wokovu unapotea, mzee Waitara ndiye anayejua. Mimi nimechoka kukungoja. Twende dala."

Kusikia nyumbani kukitajwa kwa lugha ya kwao, Odoyo akainamisha kichwa. Kisha akaanza kufunga shati, polepole.

"Nitakuja niezeke hapo panapovuja, halafu nirudi huku," akasema. "Siwezi kukaa nyumba moja na mtu aliyeokoka, nikuchafue."

Wakaondoka na bati zile za madhabahu, zimefungwa kwa fundo lile lile.

Kesho yake alipanda na bati zile juu ya nyumba tangu asubuhi. Mzee Waitara alipita barabarani, akasimama, akauliza kwa sauti ya mimbarini, "Odoyo, umetengeneza?"

"Ndiyo natengeneza, mzee," Odoyo akajibu bila kugeuka, akaendelea kugonga misumari. Mzee akatikisa kichwa akaenda zake.

Jua lilipoanza kushuka nyundo ilinyamaza. Koti la Odoyo lilikuwa limetundikwa kwenye uzio, na dereva wa bodaboda alikuwa ameshafika kumchukua, anafuta tangi lake kwa kitambaa. Odoyo akaomba ndoo ya maji, akayamwaga juu ya bati, mstari kwa mstari, kujaribu kazi yake.

Zilpa alikuwa ndani, amesimama kando ya kitanda. Akasikia maji yakiteremka juu ya kichwa chake na kudondoka nje, ukutani. Akatazama juu. Akapitisha kiganja kwenye blanketi, upande wake, kisha upande wa mumewe. Pakavu.

"Mama Adhiambo!" Odoyo aliita kutoka juu. "Bado panavuja?"

Alimkumbuka mzee Waitara, na ule uongo mmoja unaotosha. Aliukumbuka wokovu wake alioutunza tangu akiwa msichana.

"Panavuja," akasema. "Panavuja sana. Hutamaliza leo."