Ngozi za Lori

"Basi pakia, mama. Nipakie na mimi," binti yangu alisema, amekalia gunia la ngozi ambalo dereva wa lori alikuwa nje akilipigia honi. "Kiwanda cha viatu kule mbali kinanitaka. Jumatatu naondoka."

"Nenda. Ukijaza mapipa yako ya kutengenezea ngozi nyuma ya bucha yangu, wateja watanunua nyama wameziba pua."

Mjomba wake, mchinjaji wetu tangu machinjio ya mtaa yafunguliwe tena, alizidi kunoa kisu. "Mimi simo," alisema. Hakuna aliyemuuliza.

"Harufu mnayoilalamikia ni ya ngozi zinazongoja lori," binti alisema. "Njoo uvute manyoya. Ya tumboni."

Sipendi kuchezewa, lakini nilitaka kujua. Nilifungua gunia, nikabana manyoya ya ngozi ya juzi kwa vidole viwili. Yalitoka kama ninachuma mboga, na uvundo ukanigeuza uso. Nikaifuata ngozi ya asubuhi ile, bado ina joto. Nikavuta. Nikavuta tena, kwa nguvu. Ngozi nzima ilinifuata, unyoya haukutoka hata mmoja.

"Zile za gunia zimeshaoza," alisema. "Kwa ngozi za hivyo sitengenezi kiatu mimi."

"Nionyeshe pipa lako la majaribio."

Uani nikainama juu ya maji mekundu ya magome ya miti. Yalinuka kama chai iliyosahaulika jikoni. Nikazamisha mkono, nikagusa ngozi nene, imara, ya rangi ya kahawia.

"Magome peke yake yanafanya hivi?"

"Magome na subira."

"Na manyoya?"

"Yanatolewa na chokaa kwanza, pipa lile jingine."

"Hiyo chokaa utamwaga wapi? Si kwenye mfereji wangu."

"Nimeichimbia shimo."

"Lini?"

"Ulipokwenda kikao cha mtaa kunisema."

Mjomba, aliyetufuata uani na kisu chake, alicheka mpaka akakiweka chini.

Honi ikalia tena. Nikatoka.

"Chukua hilo gunia moja, usirudi tena," nikamwambia dereva.

"Mama, mbona ghafla? Ngozi zenu mtapeleka wapi?"

"Hapa hapa."

Niliporudi nilimkuta binti amesimama mlangoni. Nikakunja mikono ya gauni, nikashika ngozi ile mbichi upande wa shingo. Nzito kama mtoto aliyelala. Yeye akashika mkiani, mjomba katikati, tukaipeleka uani na kuizamisha kwenye chokaa.