Besi ya Mjomba
Mjomba alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichomshinda.

"Mimi simo," alisema.

Binti aliyekaa mbele ya kompyuta alidhani anataniwa. Huyu mjomba wake, mchomeleaji wa mageti, ni mtu wa mizaha. "Umo, mjomba. Sikiliza vizuri."

Akaurudisha wimbo mwanzo, akauachia kwenye spika. Mama yake, kiongozi wa kikundi chao cha waimbaji, alikuwa mbele. Wasusi wa saluni wakamfuata, na yule kinyozi anayependa kupanda juu bila kuitwa. Lakini chini, pale mjomba anaposhikilia besi yake ileile toka mwanzo hadi mwisho, palikuwa patupu.

"Nilikuwepo, sikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulisimama karibu na mlango."

"Basi dada kakutuma unifute. Juzi kasema naburuta wimbo. Angeniambia tu usoni, mimi si mdogo wake? Mwambie nimetoka kikundini." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Binti hakuelewa. Wote waliimba mbele ya maikrofoni moja, kwenye chumba hikihiki chenye magodoro ukutani. Kumtoa mmoja ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi ulioiva. Sasa mjomba kapitia wapi?

Fundi wa studio, ambaye humfundisha kazi wateja wakiwa hawapo, alikuwa barazani anafunga waya uliokatika. Binti akamfuata, akamweleza.

"Umebonyeza nini?"

"Ulichonifundisha. Nimesafisha."

Friji la duka la jirani hunguruma mpaka ndani ya ukuta. Fundi alikuwa amemwambia achague kipande ambacho hakuna anayeimba, aionyeshe programu kwamba huu ndio uchafu, nayo itautoa kwenye wimbo mzima. Akafanya hivyo. Friji likanyamaza, akajiona na yeye fundi.

"Kama uliotoka ni uchafu," aliuliza, "mjomba aliingiaje humo?"

"Hebu usikilize huo ukimya wako."

Wakaingia ndani, na binti akatengua hatua moja moja kwenye kompyuta mpaka kabla ya kusafisha. Akakiteua kile kipande, akapandisha sauti. Friji. Akapandisha tena. Chini ya friji kulikuwa na mtu anaunguruma, mdomo kaufumba: mjomba, anaishika besi yake kabla ya wenzake kuanza, isije ikamponyoka. Alishakisikiliza kipande hicho mara nyingi na yote akaona ni friji. Kumbe kwa kidole chake mwenyewe ameiambia mashine kwamba mjomba ni uchafu.

Akatafuta ukimya mwingine. Kila wimbo ulipopumua, mjomba yumo.

"Huyu hanyamazi?" fundi alicheka. "Basi wabaki wote au watoke wote. Ila wimbo wenye friji usiseme umetoka kwangu."

Hapo ndipo binti alipozidi kuchanganyikiwa. Wimbo safi bila mjomba, au mjomba pamoja na friji? Akauhamishia kwenye simu ukiwa mchafu vilevile, akaenda nao karakanani kwa mjomba.

Alimkuta anapiga msasa bawaba, hainui uso.

"Mjomba, aliyekutoa ni mimi. Nilikosea. Mama hajui lolote."

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali, akapokea simu. Akaibana sikioni. Uso ukaanza kujikunja.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Mimi sina sauti kama hiyo."

"Ndiyo unayotuimbia, mjomba."

"Na huyu mwingine anayenguruma?"

"Friji la jirani."

"Friji ni yupi, mimi ni yupi?"

Binti akaomba simu, akasikiliza, na kwa kitambo hata yeye hakuwa na hakika. "Anayekwenda na maneno ndiye wewe," alisema mwishoni.

Mjomba akairudisha sikioni. Safari hii aliusikiliza wimbo mpaka ukaisha, akauanza tena bila kuombwa, mguu ukimfuata polepole, kisha mguu ukasita.

"Ila huyu jamaa," alisema, "kweli anaburuta."

Binti hakujua acheke au aombe radhi tena.

"Mazoezi saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mwambie mama yako nakuja kumsaidia huyu jamaa." Akaokota msasa wake. "Na yeye apunguze mbio."