Pijo la Qaidjohar na Landirova ya Silima

Mzee Silima wa Kengeja hakuwahi kuliita Pijo la Qaidjohar gari. Aliliita kochi. Kila alipopita dukani kwa Qaidjohar, pale Mtambile, akaliona limefunikwa shuka, aliwaambia waliokaa barazani kwamba kitu kinachovishwa nguo kisipigwe na mvua mahali pake ni sebuleni. Landirova yake, iliyotengenezwa mwaka mmoja na Pijo lile, sitini na tano, ilipanda kilima cha shambani na magunia kumi ya muhogo, na haikuwa imeoshwa tangu bintiye Asma aolewe.

Qaidjohar naye hakuwa mnyonge wa maneno. Alisema Landirova ile inapitwa na baiskeli, inakunywa petroli kuliko boti, na abiria wake wakishuka huanza kuhesabu meno yao. Pijo lake lilikwenda Wete na kurudi bila ya mtu kuamka usingizini. Silima aliuliza ni nani Pemba hii anayelima juu ya lami.

Msimu wa karafuu uliopita Silima, na miaka yake sabini na moja, hakutaka mtu mwengine amchumie mkarafuu wake mkubwa. Akapanda mwenyewe. Tawi likakatika. Alipofumbua macho alikuwa chini, nyonga imevunjika, Asma amemwinamia.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na hakuna gari jengine ambalo lingefika shambani. Majirani wakamlaza nyuma ya Landirova juu ya magunia, wakapanda naye, Asma akashika usukani. Topeni gari ilipita bila kusita. Siku nyengine Silima angejivuna, lakini sasa kila shimo lilimpanda kutoka kiunoni mpaka utosini. Miaka yote alizisifu springi zile kwa ugumu wake. Walipokaribia lami akamwomba bintiye asimamishe, afadhali afie hapo hapo.

Asma akazidi kwenda. Alikuwa ameshapiga simu. Qaidjohar aliwangoja penye lami, shuka ameitandika kiti cha nyuma, wala hakusema neno kuhusu miguu iliyojaa tope ya majirani waliomhamishia Silima ndani ya Pijo.

Pijo likaondoka. Silima akajikaza kuyangoja maumivu, yakaja kidogo tu, kwa mbali. Akaitazama dari safi ya kitambaa, akakasirika kwamba raha ile ilikuwa raha kweli.

"Unaonaje, Mzee Silima?" Qaidjohar aliuliza bila kugeuka.

"Kama jeneza," Silima akasema. "Na injini yake siisikii. Imezima?"

Asma, aliyempakata baba yake kichwa, alitaka kumkemea, lakini Qaidjohar alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Nyonga iliunga. Siku hizi Silima anatembea kwa mkongojo, na kila mwezi huenda Mkoani kumwona daktari. Asma humfikisha penye lami kwa Landirova, kisha Pijo linampokea. Njia nzima Silima hulalamika: kiti kinazama, dirisha dogo, gari linakwenda kwa madaha kama bibi harusi.

Mwezi uliopita Qaidjohar alichoka kusikiliza. Akafunga mlango wa Pijo, akamwambia, "Basi leo nenda na yako mpaka hospitali."

Silima aliitazama Landirova, akaupapasa ule upande wa nyonga.

"Landirova ni gari ya kazi," akasema. "Haichukui wagonjwa. Fungua mlango."