Uso wa Pelagia Chini ya Shuka

Pelagia alikuwa amewaambia watu wengi mno. Alimwambia mama yake kabla mama hajaenda Sikonge kufuata asali, akawaambia wauza nyanya, akamwambia hata katekista: nitaonekana kwenye video. Na sasa video yenyewe ilikuwa inapungua mbele ya macho yake kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Wanachuo walikuwa wawili. Fikiri ndiye mwimbaji. Adinani ndiye mshika kamera, na kamera ni ya chuo, inatakiwa irudi saa kumi jioni. Walikuja kupangia hadithi ya video ya wimbo uani kwa Pelagia, huku mtaani Cheyo, Tabora, kwa sababu ua wake umefagiliwa na haulipishi.

"Binti anashuka kwenye gari," Fikiri akasoma daftarini.

"Gari la nani?" Adinani akauliza.

Fikiri akafuta. "Anashuka kwenye baiskeli."

Pelagia aliendelea kuepua maandazi. Baiskeli nayo hupandwa na mtu, na mtu ana uso.

"Anakutana na tajiri mwenye suti."

"Suti ipo?"

"Ya mjomba. Ila mjomba ameivaa, yuko Urambo harusini." Akafuta tena. Walipofika kwa wacheza shoo wanne, waliotaka kwanza chipsi, kifutio kikatoboa karatasi.

Fikiri akalitazama lile tundu, kisha akaruka. "Binti anakufa! Maiti hapandi gari, hachezi, havai gauni. Shuka tu!"

"Na uso?" Pelagia akauliza.

"Umefunikwa, dada Pela."

"Basi si muweke gunia la viazi."

"Gunia halina miguu. Miguu yako itaonekana vizuri tu."

Pelagia akaitazama miguu yake. Katika wote aliowaambia, hakuna aliyeambiwa kwamba itaonekana miguu. Lakini aliyezoea kungoja mafuta yachemke hakati tamaa haraka. Akajilaza mkekani, wakamfunika, wakamwambia asitikisike mpaka asikie "kata".

Fikiri akajaribu kilio.

"Unalia kama uliyekosa nauli," Adinani akamwambia huku akiwasha kamera. "Lia kama watu wa kwetu, bwana!"

Fikiri ana kifua cha kwaya. Akakiachia chote: "Pelagiaaa! Umeniachia nani, Pelagiaaa!"

Sasa, Cheyo si mahali pa kujaribia kilio. Kilio huku hakiulizwi, kinafuatwa. Hakijaisha cha pili, Mama Gaudensia, mwenyekiti wa jumuiya, alishafika, khanga kiunoni, rozari mkononi, simu sikioni. Nyuma yake wanawake na mabakuli ya unga, na mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

"Jamani, si asubuhi hii tu amenifungia maandazi matano!" Mama Gaudensia akapaza sauti simuni.

Fikiri akafungua kinywa aeleze. Adinani akamnong'oneza, "Lia wewe! Waombolezaji wa bure!" Basi akalia, na safari hii kwa hofu ya kweli.

Chini ya shuka, Pelagia akasikia Salamu Maria ikianzishwa kwa ajili ya roho yake. Akaona si vibaya kuitikia moyoni.

Ndipo akaingia Mzee Mustafa, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu asiondoke. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani haji msibani kulia. Anakuja kumsema marehemu, na hakuna wa kumnyamazisha. Akajilaza mkekani ubavuni mwa maiti.

"Sogea huko, Mnyamwezi! Hata kufa unajaza mkeka!" Wanawake wakacheka na machozi yao. "Mnamlilia nini huyu mchoyo? Sukari alikuwa haitii, alikuwa anautajia unga jina lake tu. Na hayo maandazi! Jino langu hili la mbele lilibaki ndani ya andazi lake. Msihangaike na matofali, mjengeeni kaburi kwa maandazi yake mwenyewe!"

Pelagia alikuwa amevumilia gari, baiskeli, suti na miguu. Hili hapana. Shuka likaruka.

"Muongo wewe, babu! Jino lako lilitoka mimi sijazaliwa!"

Kuni zikaanguka. Mama Gaudensia akaruka uzio kwa namna ambayo hakuwahi kuruka tangu apate kipaimara. Mzee Mustafa, asiyeogopa msiba wowote, akapotea. Katikati ya ua akabaki Pelagia amesimama, shuka begani, kidole juu, akitafuta wa kugombana naye. Kamera ilikuwa inamtazama yeye tu.

"Kata," Adinani akasema taratibu.

Pelagia akasogea kwenye banda la kuku. "Shikamoo, babu."

"Siitikii salamu ya maiti," sauti ikajibu toka ndani. Mzee akatoka na jogoo kwapani. "Huyu ni faini yangu. Mtani hafanyiwi mazoezi."

Hapakuwa na wa kubisha. Mama Gaudensia naye alirudi kwa kupitia mlangoni, akatangaza kwamba unga ulioingia msibani haurudi nyumbani. Akamkabidhi Fikiri mwiko asonge ugali wa watu wote, na akisonga aendelee kulia, kwa kuwa anajua sana.

Adinani akaliokota daftari, akaandika: *Binti anafufuka kutetea maandazi yake.* Akampa Pelagia kioo cha kamera atazame. Kilemba upande, unga kwenye paji la uso, kinywa wazi kama pango.

Simu ya Pelagia ikalia. Ilikuwa Sikonge, na vilio vya watu kadhaa nyuma. Msiba ulishafika huko.

"Mama, nyamaza kwanza. Mimi mzima," Pelagia akasema, macho yakiwa bado kwenye kioo. "Nimeonekana, Mama. Uso wote."